Kaka, mbao za duka kauziwa nani?

Kaka Mbarouk,

Assalaam aleikum. Natumai nyote hamjambo, bimkubwa na mgongo wake, shemeji, watoto, na wale wa Bububu. Mie mzima, baridi ipo ila tuyaache hayo.

Voisi zako zote tatu nimezisikiliza, ile ya dakika saba nimeisikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa kwenye basi nikaanza kukujibu kwa sauti mwenyewe watu wakanitazama. Unataka paundi 1,500. Sawa. Tangu nije huku Uingereza nimewahi kukataa? Bati la jikoni kalinunua nani? Lakini hela ya kuvunja duka la babu uweke shata la chuma na kioo, halafu juu umwage zege upandishe orofa nyengine, hiyo sitoi kaka, utanisamehe.

Na donge ninalo, bora niliseme. Juzi nimefungua status ya mwanao, kapiga picha na wenzake barazani kwetu, kapendeza mashaallah, nyuma yake naona uwazi. Nikaikuza picha. Mbao za mbele hazipo! Zile mbao nane za msaji zinazoingia kwenye mfereji wa kizingiti moja baada ya moja, na namba alizokwangua babu kwa msumari ili asizichanganye, hazipo, mmetundika turubai la buluu. Mie ndie niliekuwa nazipanga kila magharibi, ile ya tano ilikuwa lazima uipige teke ndio inaingia, na kidole changu cha gumba mpaka leo kina alama yake. Hakuna alienambia kitu. Mama mdogo kanipigia Jumapili kanieleza mpaka paka kazaa, habari ya mbao kaimeza.

Kaka, unajua mie nafanya kazi gani huku? Nikisema ujenzi mnadhani nabeba zege. Nilianza kwa kubeba kweli, ila mwaka wa nne huu nipo na mafundi wanaotengeneza majengo ya zamani na kazi yangu ni chokaa. Chokaa hii hii, cheka tu. Nimetoka Unguja kwenye nyumba ya mawe na chokaa, nikapanda ndege, nikaja kufundishwa chokaa na Mzungu! Sasa hivi nina vijana watatu chini yangu na wananiita bosi, mmoja ana digrii yake.

Mwezi wa tatu tumemaliza duka moja la kona. Duka tu, la mkate na maziwa na magazeti, la matofali, mlango wake umekatwa mshazari pale pale kwenye kona ili anaetoka njia hii na anaetoka njia ile wote wauone. Wala si kasri. Lakini limo kwenye orodha ya serikali ya majengo ya kale yanayolindwa, daraja la pili, na zaidi ya asilimia 90 ya majengo ya orodha hiyo ni daraja hilo hilo, na mengi ni majumba ya watu wa kawaida. Ukilibadilisha bila ruhusa ni jinai, unaweza kufungwa hadi miaka 2. Tumekwangua rangi ya mbele tukakuta maandishi ya zamani ya muuzaji wa chai, bibi mmoja mtu mzima akasimama njiani na kikapu chake analia, eti mamaake alikuwa akimtuma pale. Mie nikajifanya nina vumbi machoni. Ukuta wote wa upande wa jua nimeupiga mie, nitakutumia picha, usiwaoneshe watu wa Kiponda watasema najisifu. Au waoneshe.

Sasa wewe unanambia "kaduka kale si kasri, hakuna sultani aliekaa." Ndio maana yake kaka! Mwaka 2000 walipouingiza Mji Mkongwe kwenye urithi wa dunia hawakuingiza Ngome na Beit al Ajaib, lile jumba la sultani, peke yake, waliingiza mitaa na vichochoro na viduka vyake. Duka mbele, watu wanakaa nyuma na juu, huo ni ujenzi wa Wahindi, kuta ni za matumbawe yetu, boriti ni za mikoko yetu, na baraza watu wa mtaa wote wanakalia. Hata neno lenyewe, Mwarabu anasema dukkan, Mhindi dukan, sie duka. Toa hiki leo, cha jirani mwakani, mtabakia na Ngome na mahoteli, na ngamia wa kuchonga.

Na hiyo zege haikai pale, hili nakwambia kama fundi sio kama mdogo wako. Umewahi kujiuliza kwa nini vyumba vyetu vyote vyembamba? Boriti ya mkoko ndio iliyopima, haivuki mita 3 na kidogo ikaweza kubeba sakafu ya mawe. Nyumba nzima imekatwa kwa kipimo cha mti. Sasa juu ya hapo unaongeza zege na nondo na matangi ya maji? Beit al Ajaib imesimama tangu 1883, na tarehe 25 Disemba 2020 upande mmoja ukashuka na watu wawili wakafa, na ile ni nyumba ya mfalme, ina nguzo za chuma. Sisemi sababu ni moja, nasema nyumba ya kale haitaki kujaribiwa.

Tena saruji yenyewe unakumbuka ilitufanya nini? Ule ukuta wa nyuma ya magunia, baada ya masika, wewe ulishika mwiko na mie nikakorogea, babu kakaa kitini anatutazama hasemi. Tulijiona mafundi. Haukupita mwaka ukaanza kutoa unga mweupe na kumenyeka vipande vipande, tukasema saruji ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu. Jiwe la matumbawe linanyonya maji na chumvi na linataka kupumua, chokaa inaliachia, saruji inaliziba, maji yanabaki ndani yanatafuta vichwa vya boriti. Nikifikiria nilivyokuwa naikoroga kwa furaha naona haya.

Kwa hiyo nisikilize. Nitatuma 600 mwisho wa mwezi, na si kwako, zinapitia kwa Dada Zuwena, usikasirike. Kwanza paa na mfereji wa maji, mengine yatangoja. Pili mtoe saruji yetu ile, taratibu, kwa patasi, sio kwa nyundo kubwa. Tatu boriti zilizooza mtie za mkoko zilizokauka, na chokaa mpige tabaka nyembamba mara tatu, kila moja ikae. Na hata hivyo nenda kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe ukachukue kibali, usinambie fundi wako kasema hakihitajiki, huyo fundi wako ndie alieweka choo cha mama mkubwa kinachotazama kibla.

Duka likitengenezwa likodishe liwe duka, la kahawa, la vitambaa, lolote, ila mlango ubaki pale kwenye kona. Mie siku nyengine usingizi ukinikosa nalipita duka zima kwa kumbukumbu, ndoana ya mizani, kibaba na pishi vimefunikwa, harufu ya mafuta ya taa na karafuu pamoja, kizingiti kilicholiwa katikati na miguu ya watu, na pembe ya chini iliyokatwa hamali apite na mkokoteni asikwaruze. Halafu nakuta asubuhi imefika na nina kazi.

Dawa ya bimkubwa nimempa kijana anaeondoka Ijumaa, mkampokee.

Na hizo mbao kaka, nijibu kabla ya hela haijaja. Kauziwa nani, kwa bei gani, na zipo bado Unguja? Kama zipo hata kwa mwenye hoteli, mwambie namba tano ina ufa upande wa chini, asiilazimishe.

Wako mdogo wako