Kura zilezile, wenyeviti watatu

Mhariri,

Uchaguzi ukikaribia, magazeti hujaa habari za wagombea: nani kapanda, nani kashuka, nani kahama chama. Kanuni ya kuhesabia kura haipati hata aya moja, na mara nyingi ndiyo inayoamua.

Nina mfano wa karibu. Chama chetu kidogo kina wanachama 21. Tulipochagua mwenyekiti, mzee aliyekuwa akishikilia kiti alipata kura 8, mpinzani wake mkubwa 7, na katibu, mtu mpole asiye na kundi, akaambulia 6. Makofi yakapigwa, mzee akarudi kitini. Watu 13 walitoka wamenuna, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa tayari kuongozwa na yeyote ila mzee.

Njiani nikaanza kupiga hesabu (nimefundisha hisabati miaka mingi, ugonjwa huo hauponi). Kama tungekuwa na duru ya pili, katibu angetolewa, kura zake 6 zingemfuata mpinzani, naye angemshinda mzee 13 kwa 8. Lakini tungewapambanisha wawili wawili, katibu angewashinda wote: mzee kwa 13 dhidi ya 8, na mpinzani kwa 14 dhidi ya 7, maana wafuasi wa mzee hawakutaka hata kumsikia mpinzani. Huyo aliyeshika mkia ndiye ambaye wengi wangekubaliana naye! Mfaransa Condorcet alilichambua jambo hili mwaka 1785, na akaonyesha kwamba hata njia hiyo ya wawili wawili inaweza kuzunguka: wa kwanza amshinde wa pili, wa pili amshinde wa tatu, na wa tatu amshinde wa kwanza.

Kwenye chama cha watu 21, hasara ni kununiana tu. Lesotho mwaka 1998 mambo yalikuwa mazito. Kila jimbo lilimpeleka bungeni aliyeongoza kwa kura, basi. Chama kimoja kikapata takriban asilimia 60 ya kura na kuzoa viti 79 kati ya 80. Waliowapigia wengine wakabaki na mbunge mmoja nchi nzima. Fujo zikalipuka, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia. Uchaguzi uliofuata, wa 2002, ulitumia mfumo mseto: viti 80 vya majimbo na vingine 40 vya kusawazisha, ili kila chama kikaribie uzito wake wa kura.

New Zealand ilifika hapohapo bila risasi. Mwaka 1981 chama cha tatu kilipata zaidi ya asilimia 20 ya kura na viti 2 tu kati ya 92. Wananchi wakaulizwa wenyewe katika kura ya maoni, na mwaka 1993 wakachagua mfumo mseto. Nasisitiza kwamba waliulizwa wananchi, kwa sababu wabunge walioingia kwa mlango fulani hawana haraka ya kuuziba. Uingereza bado inautumia mlango wa zamani: mwaka 2024 chama cha Labour kilipata kama theluthi moja ya kura na viti zaidi ya 400 kati ya 650.

Sisemi uwiano, yaani viti kulingana na kura, ni dawa ya kila kitu. Vyama vikiwa vingi bungeni, kuunda serikali kunageuka biashara ya kuvutana. Ubelgiji ilikaa siku 541 baada ya uchaguzi wa 2010 kabla ya kupata serikali kamili. Na mwananchi anayechagua orodha ya wagombea wa chama tu, si mtu wa jimbo lake, hana mbunge wa kumgongea mlango. Haya ndiyo mambo ya kubishania, na yabishaniwe kabla ya kampeni, watu wakiwa bado hawajajua kanuni ipi itamfaa nani.

Ombi langu kwenu ni dogo. Matokeo ya ubunge yakitangazwa, chapisheni safu mbili kwa kila chama, asilimia ya kura na asilimia ya viti, moja kando ya nyingine.

Kuhusu chama chetu, nimependekeza kipengele cha kuhesabu kura kirekebishwe. Mwenyekiti amelipokea pendekezo kwa furaha, na ameliweka kwenye ajenda ya kikao cha kwanza baada ya uchaguzi ujao.

Msomaji wenu,
Mwalimu mstaafu