Kuhusu ile sentensi yako ya hesabu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wote wa nyumbani. Sisi huku hatujambo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Habari za biashara kukua zimenifurahisha mno, maana najua ulivyojituma. Ila kuna sentensi moja uliyoipitisha haraka haraka, kwamba mambo ya hesabu umeshayaacha kwa sababu tangu shuleni wewe na hesabu hampatani. Ukaendelea na mengine. Mimi nimebaki hapo hapo.

Hebu nikuulize. Siku ya kwanza ulijua kumtuliza mteja aliyekuja na hasira? Ulijua kuutazama mzigo unaposhushwa ukagundua umepunjwa? Hayo yote umejifunzia ukubwani, na sijawahi kukusikia ukisema umezaliwa nayo. Kwa nini basi hesabu peke yake uikatie hukumu ya maisha?

Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyoyafanya na watoto wa darasa la tano huko Marekani. Watoto walipewa mafumbo ya maumbo, kisha wakasifiwa. Baadhi waliambiwa wana akili, wengine wakaambiwa bila shaka wamejitahidi sana. Sentensi moja tu. Walipoulizwa wangependa kazi gani baada ya hapo, wengi wa waliosifiwa akili walitaka ile isiyoweza kuwaumbua, na wengi wa waliosifiwa bidii wakataka ile ya kuwafunza kitu. Wote wakapewa mafumbo magumu, wakafanya vibaya. Kisha wakapewa mengine mepesi kama yale ya mwanzo: waliosifiwa bidii wakapanda, waliosifiwa akili wakashuka chini ya pale walipoanzia. Na lililoniuma zaidi ni hili. Walipoombwa kuwaandikia watoto wasiowajua na kutaja alama walizopata, karibu 4 kati ya 10 wa kundi la akili walitaja alama za uongo.

Fikiria mtu mzima mwenye biashara anayeishi na hofu hiyo. Hafungui daftari mbele ya mtu. Haulizi, asije akaonekana hajui. Akiulizwa mambo yanaendaje, anajibu kwamba yanakwenda vizuri. Hofu ya kuonekana hujui inagharimu kuliko kutojua kwenyewe, kwa sababu asiyejua akiuliza anajua siku hiyo hiyo.

Nikupe mfano mmoja unaokuhusu. Unanunua kitu kwa 100, unaongeza asilimia 25, unakiuza 125. Mteja wa siku nyingi anakuja, anakubembeleza, unampunguzia asilimia 25 ukiamini umemuachia kwa bei uliyonunulia. Kokotoa. Asilimia 25 ya 125 ni 31.25, kwa hiyo umemuuzia kwa 93.75. Umepata hasara, umetabasamu, na umemkaribisha tena. Na kama mwezi huo umepokea malipo ya awali ya oda ambazo hujazinunulia hata mali, droo itakuwa imejaa na utadhani umepata faida. Fedha zile bado si zako. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji kipaji. Ni kugawanya, kuzidisha na kukaa na karatasi bila kukimbia.

Ukitaka kuajiri mhasibu, muajiri, nitakuunga mkono kabisa. Lakini mhasibu anakuletea taarifa, na wakati mteja anakubembeleza yeye hayupo.

Hata makampuni makubwa hukwama hapa. Kamera ya kwanza ya kidijitali ilitengenezwa ndani ya Kodak, kampuni ya Marekani ya kamera na filamu za picha, mwaka 1975, na mhandisi wao Steve Sasson, lakini Januari 2012 kampuni hiyo ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Fujifilm ya Japani, nayo ya filamu za picha, ilipigwa na wimbi lile lile la kidijitali. Yenyewe ilichukua ujuzi wake wa kemia ya filamu ikaupeleka kwenye vipodozi, dawa na utando unaotumika kwenye skrini, na ipo mpaka leo. Siwaiti watu wa Kodak wajinga. Filamu ilikuwa ikiwaingizia faida nono, na ni vigumu sana kujifunza jambo jipya wakati lile la zamani bado linalipa. Wewe pia biashara inakwenda sasa, ndiyo maana ni rahisi kusema hesabu zisubiri.

Sitaki pia uniambie kwamba umeamini unaweza, basi yamekwisha. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi wapatao 12,000 wa sekondari Marekani, ambao baadhi yao walifundishwa, kwa muda usiofika saa moja, kwamba uwezo wa akili hukua. Kati ya waliofundishwa, waliokuwa nyuma kimasomo walipanda kidogo, na nafuu hiyo ilionekana zaidi pale ambapo wenzao shuleni nao walithamini kujaribu mambo magumu. Mimi naamini matokeo hayo kuliko hotuba zote za hamasa. Imani inakufikisha mezani, na ukishafika inabaki kazi, na watu ulio nao.

Na kazi yenyewe ina namna yake. Usisome daftari tena na tena ukadhani limekuingia. Lifunge, kisha jaribu kuandika kwa kichwa: mauzo ya wiki, gharama, nani anakudai, nani unamdai. Halafu lifungue usahihishe. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kuwa wanaorudia kusoma hukumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja wanaojipima ndio wanaokumbuka zaidi. Kujipima kunachosha na kunakufanya ujione hujui kitu. Vumilia hapo, ndipo panapofundisha.

Basi nakuomba hivi. Chagua bidhaa tatu zinazotoka sana, andika bei ya kununulia na ya kuuzia, na uandike punguzo unalowapa wateja wako wa siku zote. Jumapili jioni nipigie simu. Sitakukokotolea. Utakokotoa wewe kwa sauti, nami nitakuwa nasikiliza na kuuliza, hata ikichukua muda.

Wasalimie watoto sana.

Wako daima,
Rafiki yako