Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Kazi za Wanafunzi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Shule,
Mwalimu Mkuu na walimu wenzetu,
Wazazi, walezi na wanafunzi,
Mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya walimu walezi na wanafunzi wa klabu ya sanaa ya shule yetu ya msingi, tunakukaribisha kwa heshima kubwa, na tunakushukuru kwa kukubali kuja kutufungulia maonesho haya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu hii ilizaliwa kutokana na aibu ndogo. Katika kipindi cha kuchora, mwalimu alichora embe ubaoni, wanafunzi zaidi ya 70 wakachora embe lile lile, na madaftari yalipokusanywa alama zikatolewa kwa kuangalia nani amelikaribia zaidi embe la mwalimu. Mtoto mmoja wa darasa la tatu alikuwa amechora embe lililoliwa nusu, kokwa likichungulia, naye akapata alama ndogo kuliko wenzake wote. Mwalimu aliyezitoa alama hizo ni mmoja wetu tunaosimama mbele yako, na siku hizi hukisimulia kisa hicho mwenyewe kabla wengine hawajamtangulia. Tangu hapo tulikubaliana kwamba katika klabu yetu mwalimu hachori picha ya kuigwa: anaonesha namna ya kutumia vifaa, anauliza swali, kisha anakaa pembeni.

Mradi wetu wa kwanza ulikuwa wa picha za Tingatinga. Tuliuchagua kwa sababu asili ya mtindo huo inawafaa watoto wasio na vifaa vya dukani. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, hakusomea uchoraji. Alianza kazi hiyo hapa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa vipande vya hadibodi na rangi za mafuta za kawaida, na ingawa alifariki mwaka 1972, ndugu na vijana aliowafundisha waliiendeleza mpaka jina lake likawa jina la mtindo wenyewe. Sisi tulitumia maboksi yaliyopakwa chokaa na rangi za maji. Wiki mbili za kwanza watoto walituletea tembo na twiga tu, ilhali wengi wao hawajapata kumwona tembo ila kwenye kalenda. Tukawauliza: asubuhi ukifungua mlango wa kwenu, unakutana na nani? Ndipo walipokuja kunguru, paka wa sokoni, jogoo wa jirani, na bajaji moja yenye madoa ya chui ambayo utaiona kwenye ukuta wa kushoto. Taratibu za kazi hazikubadilika hata kidogo, yaani rangi ya nyuma huachwa ikauke, hufuata umbo kubwa, kisha mstari wa ukingoni, na vidoa huja mwisho. Mtoto asiyeweza kusubiri humwona kunguru wake akigeuka tope, na hapo hatuna haja ya kumgombeza.

Mradi uliotuchukua muda mrefu kuliko yote, na ambao tunaomba uutazame kwa makini, ni wa kanga. Kila mtoto anaijua kanga tangu alipobebwa nayo mgongoni, lakini wengi hawakuwa wamewahi kuikunjua na kuisoma kama kazi ya usanifu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa sehemu ya chini. Waligawanyika katika makundi ya watoto watano watano, wakapewa kipande cha kitambaa cheupe chenye urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 60, wakatengeneza chapa zao kwa viazi mbatata vilivyochongwa, kwa bamia iliyokatwa kati, ambayo hutoa ua lililo tayari bila kuchongwa, na kwa vipande vya bua la jani la mgomba vinavyoacha alama kama wavu. Kundi moja lilichonga chapa ya sentimita 7, na lilipofika pembeni pindo likakataa kukutana. Hatukusema neno. Walikaa chini, wakagawanya, wakaona kwamba 90 haigawanyiki kwa 7, wakachonga chapa mpya ya sentimita 6, nazo zikaingia 15 kwenye urefu na 10 kwenye upana pasipo kubaki hata nafasi ya kidole. Mwalimu wa hisabati, ambaye awali alilalamika kwamba klabu inamlia muda wake, alikuja kuomba kitambaa hicho akakitumie darasani.

Baadhi ya wazazi wametuuliza kwa nini hatufundishi batiki. Batiki ni kazi nzuri na ina soko, ila inahitaji nta ya moto na kostiki soda, na hatuko tayari kumkabidhi mtoto wa miaka tisa vitu hivyo viwili.

Kuhusu ufinyanzi tutasema machache, kwa kuwa tumeanza juzi tu. Bibi wa mmoja wa wanafunzi wetu amekuwa akija kila Ijumaa kuwaonesha watoto namna ya kuondoa kokoto, kuchanganya udongo na vigae vilivyotwangwa, na kuanika chombo kivulini. Vyungu viwili vilipasuka motoni kwa sababu vilichomwa kabla ya kukauka, maji yaliyobaki ndani yakageuka mvuke. Vigae vyake tumeviweka mezani pamoja na vyungu vizima, kwa maombi ya watoto wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, huenda umeona kwamba kazi hizi hazina namba za mshindi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Jambo hili tulilijadili kwa muda mrefu, na wako walimu wenzetu ambao hadi leo hawajaridhika. Hofu yetu ni kwamba tukishaweka mshindi, mwaka ujao watoto wote watachora bajaji yenye madoa ya chui. Kwa wazazi tuna ombi moja dogo: msiwamalizie watoto kazi nyumbani. Tuliwahi kuletewa gari la waya lenye taa zinazowaka, ambalo mwenye nalo hakuweza kutueleza lilivyoundwa.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika mwaka 2024, umeleta somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi, nasi tumelipokea kwa furaha. Tatizo letu ni muda na mahali. Katika kipindi cha dakika 40, kugawa vifaa kunachukua kumi, kufagia na kuosha mikono kumi nyingine, na mtoto hubakiwa na dakika 20 za kufikiri na kutenda. Tunaomba utusaidie kushauri ili ratiba iruhusu vipindi viwili vifuatane mara moja kwa wiki. Tunaomba pia kabati lenye kufuli na kamba za kuanikia kazi mbichi, kwa kuwa picha zetu za mwanzo za kubandika mbegu kwa gundi ya uji wa ngano ziliishia kuwa chakula cha panya katika stoo.

Mwisho, kundi lililochonga chapa mara mbili limeomba kukukabidhi kanga yake. Jina lake walibishana siku mbili, wakalikubali lile lililopendekezwa na msichana wa darasa la tano: USINISAHIHISHE SIJAMALIZA. Upande mmoja wa pindo bado haujapigwa chapa, nao wanakuomba uupige wewe kwa mkono wako kabla ya kukata utepe; rangi na kiazi viko tayari mezani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.