Kabla ya kudarizi ua, lihesabu

Wateja wengi wanaofika karakanani kwetu Entebbe huja na ombi moja: wanataka maua kwenye kitambaa. Maua gani? "Mazuri tu." Ndiyo maana tukaanzisha darasa la kuchora mimea, kwa sababu ua la kubuni hutoka lilelile kila mara: petali tano za mviringo, duara katikati, jani huku na jani kule. Mapazia yamejaa hayo.

Mwalimu wetu ni mdarizi na fundi wa batiki, ila siku ya kwanza sindano huigusi. Unapewa ua la kifabakazi, ule mti wa maua mekundu ya moto, pamoja na rula, wembe na penseli ngumu. Unalipasua ua kwa urefu. Petali zimeungana, ncha zake tano, na karibu kila mwanafunzi huchora stameni (vijiti vya kiume vyenye chavua) tano ili zilingane. Zihesabu: ni nne. Sepali, yaani vijani vinavyofunika ua likiwa tumba, nazo zimekuwa ganda moja lililopasuka upande, mithili ya mtumbwi, na ua limechomoza hapo kwenye mpasuko.

Malalamiko makubwa tunayosikia ni kwamba ua hunyauka kabla ya mchoro kwisha. Basi anza na kinachowahi kufa. Pima, andika vipimo pembeni, kisha paka doa la rangi ya petali ua likiwa bado bichi. Majani na kikonyo vitakusubiri hata baada ya chakula cha mchana.

Gloriosa, ua la mmea utambaao, tunaileta pia, kwa tahadhari: mmea mzima ni sumu, hasa kiazi chake. Kwa hiyo wale wenye tabia ya kulamba brashi, siku hiyo waache.

Kwenye batiki, nta haishiki mstari mwembamba wa stameni. Unaunenepesha, au unauacha uje kudariziwa kwa uzi. Kwenye lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, tunashonea kwanza pamba kwa nyuma, maana gome halikufumwa, na sindano ikirudia tundu lilelile gome huchanika.

Vipindi vingine tunavifanyia kwenye Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898. Pale hatuchumi, tunachora yaliyo mtini na kuokota yaliyoanguka. Kujua kuchora si sharti. Vifaa vyote vipo, wewe njoo asubuhi mapema, jua halijawa kali, na kama una miwani ya kusomea usiisahau.