Shingo inaniuma, na masomo yangu yote yamo kwenye simu

Shikamoo Daktari.

Mimi ni kijana wa miaka 23, mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Dodoma. Tangu Machi shingo hainipi amani. Ilianza kukakamaa asubuhi, nikadhani nimelalia vibaya. Sasa maumivu yanashuka bega la kushoto, na nikishika simu zaidi ya nusu saa, kidole gumba na cha shahada vinaingia ganzi.

Kila ninayemwambia ananijibu, "Punguza simu." Sina kompyuta, Daktari. Masomo tunatumiwa PDF kwenye grupu la WhatsApp, vitabu nasomea humo humo, na ripoti ya mafunzo kwa vitendo, kurasa 40, nimeiandika yote kwa vidole gumba. Kitanda chetu ni dabodeka, mimi nalala chini. Nikikaa, kichwa kinagonga chaga za wa juu, basi naandika nimejikunja, simu mapajani kwa sababu waya wa chaji ni mfupi. Video za usiku nazo nilikuwa naangalia hadi saa saba, sifichi. Hizo nimeshaanza kuziacha.

Nimesoma kwamba kichwa cha mtu mzima kina kilo tano hivi, na kwamba daktari mmoja wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu mwaka 2014 akaona ukikiinamisha nyuzi 60 shingo inabeba kama kilo 27. Hiyo ni zaidi ya nusu mfuko wa saruji!

Linalonitisha zaidi ni la kinyozi. Akimaliza kunyoa ananichua mabega, kisha mkono mmoja kidevuni, mwingine kisogoni, anazungusha ghafla. Shingo inalia ka! Napata nafuu siku mbili, halafu yanarudi pale pale. Mara ya mwisho nilisikia kama shoti ya umeme hadi kidoleni, nikatetemeka.

Mama anasisitiza nichuliwe kwa mafuta ya karafuu. Mwenzangu wa chumbani ananigawia vidonge vyake vya maumivu, diklofenaki, nami nameza tu.

Naomba unisaidie. Ganzi hii ni ya kusubiri ipite, au niende hospitali sasa hivi? Nianze kwa daktari au kwa mtu wa fiziotherapia, yule wa tiba ya mazoezi ya viungo? Huko kuvunjwa shingo niache kabisa? Na mtu asiye na meza wala kompyuta akae vipi ili asome? Tasnifu yangu ndiyo kwanza iko sura ya pili.

Mwanafunzi, Dodoma