Dawa ya bakteria ya kuua viwavi ifike maduka ya vijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee dawa tunazopulizia mboga. Huku Lushoto tunalima kabichi na nyanya, zinapanda lori kwenda Tanga na Dar, watu wanakula na watoto wao, na hakuna anayeuliza zimepuliziwa nini na lini.

Kwenye kabichi adui yetu mkubwa ni yule nondo mdogo mwenye alama za almasi mgongoni, viwavi wake wa kijani wanatoboa majani mpaka kabichi haiuziki. Mkulima akiona matundu anakimbilia duka la pembejeo anapewa sumu kali, ikigoma anaongeza kipimo, ikigoma tena anachanganya mbili tatu kwenye bomba moja, na wapo wanaopuliza leo halafu keshokutwa wanavuna kwa sababu dalali kapiga simu lori liko njiani. Vijana wanaobeba hayo mabomba wengi hawana glavu wala barakoa. Inauma sana jamani, hasa ukijua kwamba dawa nyingine ipo na wala siyo ya jana.

Naisemea dawa inayotokana na bakteria wa udongoni anayeitwa Bacillus thuringiensis, kwa kifupi Bt. Mjapani Ishiwata alimkuta mwaka 1901 akiua viwavi wa hariri, mwaka 1911 Mjerumani Ernst Berliner akamkuta kwa viwavi wa nondo wa unga kule Thuringia, na mwaka 1938 Wafaransa walikuwa tayari wanaiuza dawa yake. Yaani babu zetu walikuwa hai na hii kitu ipo sokoni!

Inavyofanya kazi ndiyo watu wengi hawajaelezwa. Huyu bakteria akitengeneza mbegu zake anatengeneza pia vipande vidogo vya protini vilivyoganda kama chumvi ya mawe. Kiwavi akila jani lililopuliziwa, ile protini inayeyuka tumboni mwake kwa sababu tumbo la kiwavi ni la alkali, vimeng'enya vyake mwenyewe vinaikatakata, kisha inang'ang'ania ukuta wa utumbo na kuutoboa. Sisi binadamu tumbo letu lina asidi, na kwenye utumbo hatuna zile sehemu ambazo hii protini inazishika kwa kiwavi, kwa hiyo inameng'enywa kama protini nyingine. Ndiyo maana hata wanaolima kwa njia ya asili, wale wa oganiki, wanaruhusiwa kuitumia.

Lakini kiwavi hafi papo hapo, na hapa ndipo dawa inapopakwa matope bure. Jirani yangu alipuliza jioni, asubuhi akakuta viwavi bado wapo kwenye majani wanajongea kidogo, akasema ameuziwa feki, akarudia na sumu kali siku hiyo hiyo. Angeinama akaangalia vizuri angeona matundu mapya hakuna na kinyesi kibichi hakuna, maana kiwavi akishameza ile protini ndani ya masaa machache anaacha kula, anabaki tu amejishikiza pale, anabadilika rangi anakuwa mweusi, analegea na siku ya pili au ya tatu amekufa. Sasa mwenye duka hakumwambia, na karatasi ya maelezo ilikuwa Kiingereza kitupu, angejuaje?

Na masharti inayo, siwafichi. Jua linaiharibu haraka kwahiyo inapulizwa jioni, na upulize mpaka chini ya jani maana kiwavi lazima aile. Inafanya kazi vizuri kwa viwavi wadogo, ukisubiri wanenepe umechelewa. Vidukari na inzi weupe haiwagusi kabisa, wale wanafyonza utomvu hawatafuni jani. Tena ukiitegemea peke yake mwaka mzima wadudu watazoea, kwa sababu huyo huyo nondo wa kabichi alishaizoea kwenye mashamba ya Hawaii, kwahiyo lazima kubadilisha dawa na kupanda mazao kwa mzunguko. Ila faida moja mimi naipenda sana, haiui marafiki zetu. Wale nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi wa kabichi, ambao ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu ya Nairobi, iliwaleta kutoka Taiwan mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanabaki shambani wanaendelea na kazi bure, wakati sumu kali inawafagia wote.

Kuna wengine wakisikia bakteria wanasema hiyo ni GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba. Hapana. Mahindi na pamba za Bt ni mbegu zilizowekewa jeni ya huyu bakteria, ni mjadala wake, na majaribio ya hapa kwetu serikali iliyasimamisha 2021. Hii ninayoisema unaichanganya na maji unapuliza, mbegu yako ni ile ile. Tusiiache dawa nzuri kwa kuchanganya mambo mawili.

Ujuzi upo nchini pia. Kile kiwanda cha Kibaha kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba kinazalisha viuadudu vya viluwiluwi vya mbu kutokana na bakteria wa ukoo huu huu. Kama tunaweza kufuga bakteria wa kuua mbu, sioni kwa nini dawa ya viwavi isiwe bidhaa ya kawaida kwenye kila duka la pembejeo la kata, kwenye vipakiti vidogo vya bomba moja moja ambavyo mtu wa robo eka anavimudu, na maelezo ya Kiswahili kilichonyooka. Na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, wakikagua maduka wasiishie kuangalia kama dawa imesajiliwa, waangalie na ilipowekwa, maana kwenye rafu inayopigwa na jua mchana kutwa dawa hii inaharibika.

Maafisa ugani nawaomba kitu kimoja tu, njooni na kipakiti kimoja, pulizeni matuta mawili jioni mbele ya wakulima, halafu mrudi siku ya tatu tuhesabu pamoja viwavi waliokufa.

Mkulima wa kabichi,
Lushoto, Tanga