YAH: MALALAMIKO KUHUSU IDADI ZA UONGO KWENYE MFUMO WENU WA STOO

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mkataba mnaujua, sitaurudia. Naandika kuhusu kikao cha Jumatatu, maana sidhani kama fundi wenu aliwaeleza yote.

Mbele ya mkurugenzi wangu na wahasibu wawili nilifungua skrini mbili. Mfumo wenu ulisema jumla ya katoni zilizobaki ni 112. Hifadhidata yenyewe, nilipoiuliza moja kwa moja, ilisema 48. Fundi wenu hakuitazama hata hiyo ya pili. "Dada, safisha kivinjari chako." Nikasafisha: 112. Nikahamia kompyuta nyingine: 112.

Kivinjari hakihusiki. Mmewasha kashe ya hoja ya Hibernate (programu inayounganisha mfumo wenu na hifadhidata), yaani akiba ya majibu ya maswali ambayo hifadhidata ilishaulizwa. Haijiwashi yenyewe, na hata ikiwashwa, kila hoja lazima iwekewe alama ndipo majibu yake yatunzwe. Kwa hiyo mtu wenu aliamua. Hibernate hutupa majibu ya zamani pale tu inapojua jedwali limeguswa, nayo hujua mabadiliko yanayopita mikononi mwake. Skripti yenu ya usiku inapunguza stoo kwa SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata moja kwa moja, nje ya Hibernate kabisa. Nani ataiambia kashe?

Na wiki tatu kabla ya hapo niliwaandikia kwamba orodha ya bidhaa inakwama. Mkanijibu tuongeze memori ya seva. Tukanunua. Logi inaonyesha kingine: katika toleo la 5 la Hibernate mlilotuwekea, hoja ikirudisha orodha ya rekodi, kashe ya hoja hutunza namba zake za utambulisho tu, na rekodi zenyewe hamkuziwekea kashe. Orodha ya bidhaa 200 inazaa hoja 200, moja moja. Memori ingesaidia nini?

Narudi kwenye kikao, kwa sababu bado kinaniuma. Nimeshika karatasi yenye 48, nimemnyooshea, naye anacheka, anamgeukia mkurugenzi wangu: "Wateja wengi huchanganya." Mkurugenzi akafunga daftari lake bila kuniangalia. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na moja. Safisha kivinjari chako! Hivyo ndivyo mnavyomjibu mteja aliyewaletea ushahidi mkononi?

Naomba hoja za stoo zitolewe kwenye kashe, au skripti iifute kashe hiyo kila inapomaliza. Naomba pia gharama ya memori irudishwe. Na fundi huyo amwandikie mkurugenzi wangu barua ya kuomba radhi, akitaja 112 na 48 kwa tarakimu.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Wakati naandika barua hii nimefungua mfumo tena, na bado unasema 112. Nawapa siku 7. Zikipita, malipo ya mwezi ujao hayatatoka na mkataba tutauvunja kwa kifungu mnachokijua.

Wenu,
Msimamizi wa Mifumo

Nakala: Mkurugenzi, Mwanasheria wetu